Tai Aliyemkalia Arvid

Hilja Ruona alichelewa kufika kwenye mazishi ya mumewe mwenyewe, na sababu ilikuwa ndege.

Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye kinanda cha kanisa, nikirudiarudia wimbo ule ule mpaka vidole vikafa ganzi, huku watu wakigeuza shingo kutazama mlangoni. Mambo ya barabarani nilisimuliwa na Hilja, ambaye ni jirani yangu, na mengine nikasimuliwa na shemeji yake, Tauno. Pale walipopishana nimemwamini Hilja, maana Tauno hupenda kujiongezea ushujaa.

Arvid Ruona alifia saunani, uchi kama alivyozaliwa, kata ya maji mkononi. Huku kwetu kaskazini mwa Michigan hicho ni kifo cha heshima, na wazee kadhaa walimwonea wivu waziwazi. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuwa akisimamisha gari. Akishashika usukani, basi mpaka afike. Hilja alipitishwa kwenye maporomoko ya maji, kwenye minada ya vitu vikuukuu, kwenye vyoo alivyovihitaji sana, hata mbele ya nyumba ya dada yake wa kuzaliwa naye, vyote akiviaga kupitia kioo cha dirisha. "Simama, Arvid," anasema. "Tutasimama tukirudi," anajibu Arvid. Na wakati wa kurudi anapita njia nyingine.

Mwili ulichomwa kama alivyoagiza. Tauno, mdogo wake, akatengeneza kisanduku cha mbao za mwerezi cha kutilia majivu, kifuniko akakikaza kwa skrubu pande zote nne. Hilja alikizungusha mikononi, akasema, "Hiki ni cha kuwekea mkate."

"Si ndiyo vizuri, shemeji? Kaka alipenda mkate."

Hilja hakucheka, wala hakulia. Tangu Arvid afe hakuwa amelia hata kidogo, na mji mzima ulikuwa umeshaligundua hilo na kulijadili. Wengine walisema ni mshtuko. Wengine, ambao waliwahi kupanda gari la Arvid, walisema ni nafuu.

Asubuhi ya mazishi ilikuwa ya Aprili, theluji imegeuka uji wa kijivu kandokando ya barabara. Tauno alikuja kumchukua shemeji yake akiwa ndani ya koti la suti, lile lile aliloolea, na tai shingoni iliyomkaba hata akawa anaongea kama mtu aliyemeza kijiko. Walipakia chakula cha msibani kwenye buti: paja zima la nguruwe la kuoka, masinia ya viazi, na mikate ya iliki ambayo Hilja aliiumua mwenyewe kwa sababu hakuiamini ya mtu mwingine.

"Kaka tumweke wapi?" Tauno akauliza, kisanduku kwapani. "Kuna nafasi hapa kando ya paja."

"Tauno, mume wangu hasafiri na nguruwe."

Basi Arvid akafungwa mkanda kiti cha nyuma, katikati, kama mkubwa fulani, wakaondoka.

Walikuwa wamefika nusu ya njia, pale barabara inapokata msitu, ndipo Hilja alipomwona. Kando ya lami kulikuwa na mzoga wa kulungu aliyegongwa na lori, na hatua chache kutoka kwenye mzoga, juu ya theluji chafu, alisimama tai. Si kitai kidogo. Ni wale wa kichwa cheupe, wanaochorwa kwenye hela na kwenye makalio ya malori, ndege ambaye taifa zima humpigia saluti. Huyu alikuwa ameinama, mabawa yamelegea yanaburura chini. Gari lilipokaribia akajaribu kuruka, akapiga mabawa mara kadhaa, akaangukia kifua.

"Simama," Hilja akasema.

"Shemeji, tumechelewa."

"Nimesema simama."

Tauno aliniambia baadaye kwamba sauti ile hakuwa ameisikia tangu enzi za mama yake, na kwamba mguu wake ulikanyaga breki bila kumwomba ruhusa. Gari likasimama. Hilja akabaki amekaa, mikono mapajani, akitazama mbele.

"Unaona?" akasema. "Linasimama. Kumbe gari husimama."

Akafungua mlango, akashuka na viatu vyake vya msibani moja kwa moja kwenye uji wa theluji.

Sasa, kilichofuata ni orodha ya mambo ambayo mtu hapaswi kuyafanya hata moja, nao waliyafanya yote. Walimwendea tai kutoka pande mbili, Hilja akimwita "mwanangu", Tauno akimwita majina mengine. Tauno alivua koti la suti, akamtupia. Tai hakupigana sana. Alifoka kidogo, akatulia. Wakamviringisha, mikono ya koti wakaifunga fundo, wakambeba kama gunia la viazi hadi kiti cha nyuma, wakamlaza ubavuni pa Arvid. Hawakumfunga miguu. Hawakufikiria miguu. Wote wawili walikuwa na wasiwasi na ule mdomo wa manjano uliopinda, wakiamini kwamba hapo ndipo penye hatari.

"Ana baridi," Hilja akasema, akawasha joto la gari mpaka mwisho.

"Ana huzuni," Tauno akasema, akawasha redio, muziki wa kodiani.

Hilja alifungua buti, akakata kipande cha paja la nguruwe, akamwekea tai karibu na mdomo. Tai akakitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa kwa karaha kabisa.

"Hata kula hali!" Hilja akasema. "Tauno, anakufa huyu. Endesha."

Tauno akaendesha, na huku akinipigia simu mimi, maana alijua simu yangu huwa juu ya kinanda. Nikaipokea huku mkono wa kushoto ukiendelea na wimbo.

"Tumechelewa," akasema. "Ni habari ya tai."

"Basi ivue," nikamwambia. "Nani atakutazama wewe? Njoo hata kifua wazi."

"Siyo hiyo ya shingoni. Tai ndege. Tunaye kwenye gari."

Nikageuka, nikamwambia Mchungaji Brandt kwamba ndugu wa marehemu wanaleta tai. Mchungaji Brandt ni kijana, tumeletewa mwaka jana kutoka mjini, na bado anaamini kwamba ipo siku atatuelewa. Akaniambia kwa upole kwamba kama ni ya marehemu wanaweza kuifunga kwenye kisanduku. Nikaona nisimsumbue zaidi.

Kule garini Hilja alikuwa ameipata kwenye simu yake namba ya kituo kinachotunza wanyama wa porini waliojeruhiwa. Aliyepokea ni mama mmoja anaitwa Marjory Vandermolen, ambaye zamani alikuwa muuguzi wa daktari wa meno, na alikuwa bado na ile namna ya kuongea na watu ambao midomo yao iko wazi na hawawezi kujibu.

"Tumeokota tai," Hilja akasema. "Mgonjwa."

"Mmemwokota, au mmemwona?"

"Tumemwokota. Yuko kwenye gari."

"Gari la nani?"

"Letu."

"Mama, nani amekwambia umtie kwenye gari?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona anateseka."

"Ukiona anateseka, unakaa ndani ya gari lako, mbali, unamtazama, unanipigia simu mimi. Mimi ndiye ninayekuja na vifaa. Sawa, yamekwisha. Yuko ndani ya boksi?"

"Yuko ndani ya koti."

"Kuna giza? Kuna utulivu?"

Hilja akanyoosha mkono, akazima kodiani. "Sasa upo," akasema.

"Mmempa chakula au maji?"

"Hapana," Hilja akasema, huku akikiokota kile kipande cha paja na kukitia mdomoni mwake.

"Miguu mmemfunga?"

"Miguu?"

"Kucha, mama. Mdomo utakuuma tu. Kucha ndizo zinazovunja mifupa."

Hilja akageuka polepole kutazama nyuma. Koti la suti lilikuwa limefunguka. Juu ya kiti alisimama tai, wima, macho makavu, kichwa kikigusa dari ya gari, na mguu mmoja, wenye kucha ndefu kama vidole vyangu, ulikuwa umekishika kisanduku cha mwerezi. Mguu wa pili ukapanda nao. Sasa alikuwa amemsimamia Arvid kwa miguu yote miwili, akiyumba kwa kufuata kona za barabara.

"Amemshika mume wangu," Hilja akasema kwenye simu.

"Amemshika wapi? Anatoka damu?"

"Hawezi kutoka damu. Ni majivu."

Marjory alinieleza baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kazi hiyo ndiyo simu pekee iliyomlazimu kukaa chini. Akauliza wanaelekea wapi, akaambiwa kanisani, akasema anakuja, na wasifungue madirisha, wasipige kelele, na dereva asigeuke nyuma.

Tauno akageuka nyuma.

Tai akishtuka ana njia moja ya kujipunguzia uzito upesi. Anafungua mdomo, na yote aliyokula yanarudi. Alikuwa amekula kulungu. Alikuwa amekula kulungu mwingi mno. Yote yakaja kwa mkupuo mmoja, yakatua shingoni kwa Tauno, yakateremka ndani ya kola, ndani ya shati, mpaka yakapata pa kupumzika.

"Shemeji," Tauno akasema kwa sauti nyembamba, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, "niambie hiyo ni nini."

"Ukijua utatugonga kwenye mti. Endesha."

Hivyo ndivyo walivyoingia kwenye uwanja wa kanisa, mwendo wa konokono, vioo vimejaa ukungu wa joto, na nyuma yavyo kivuli cha kitu kikubwa kilichotanda mabawa. Kanisa zima lilikuwa limetoka nje. Mlango wa dereva ukafunguka, Tauno akatoka bila koti, akapita katikati yetu bila salamu, akaenda hadi kwenye lundo la theluji kando ya ukuta, akajilaza chali. Hilja akatoka upande wake, akafunga mlango taratibu kama anayemwacha mtoto usingizini.

"Msisogee," akasema. "Arvid yuko ndani na tai."

Mchungaji Brandt akasogea. Akachungulia dirishani. Tai akachungulia naye kutoka upande wa pili. Mchungaji akarudi nyuma mpaka akanikanyaga.

Kwa maagizo ya Marjory, ambaye bado alikuwa kwenye simu akiwa njiani, ilibidi madirisha ya gari yafunikwe ili ndege atulie gizani. Hatukuwa na mablanketi. Nikakumbuka majoho ya kwaya. Mchungaji akasema majoho yale yamewekwa wakfu. Hilja akamwambia basi na yafanye kazi, maana kwenye kwaya hayajasaidia. Mimi ndiye ninayeipigia kwaya ile kinanda, na sikupinga. Tukalivika gari majoho ya zambarau kila dirisha, likawa limesimama pale kama askofu mnene.

"Mama Hilja," Mchungaji akasema, "watu wamekuja kutoka mbali. Tunaweza kuanza ibada sasa, na kisanduku kikaletwa baadaye, kitakapokuwa... huru."

"Mwanangu, mazishi bila marehemu ni mkutano. Na mikutano Arvid hakuwa akihudhuria."

Tukangoja. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine wakasema ni ishara. Mama mmoja akasema ni Arvid mwenyewe amegeuka tai. Hilja akamsikia. "Arvid?" akasema. "Arvid hajawahi kutapika kitu alichokilipia."

Marjory alifika na gari la mizigo lenye tundu kubwa la mbwa nyuma. Mwanamke mrefu, mabega mapana, glavu za mafundi wa kuchomelea vyuma zikifika viwikoni. Hakutusalimu. Alisema maneno machache tu: "Sasa nyote mnyamaze. Si kwa kunong'ona. Mnyamaze. Hawa wanaweza kufa kwa woga tu, hata kama hawana jeraha."

Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye mazishi yoyote. Umati wa Walutheri, pamoja na watoto wao, pamoja na binamu za Arvid ambao hawajawahi kufunga mdomo hata mbele ya maiti ya mama yao, wote walisimama kwenye uwanja wa magari bila sauti. Theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa la kanisa, tone, tone. Hakuna aliyekohoa. Watu walikuwa wakilitazama gari lile lililofunikwa, ndani yake Arvid, na nadhani wengi hapo ndipo walipokumbuka kwamba amekufa.

Marjory akafungua mlango kidogo, akaingia nusu mwili, akamrushia tai shuka kichwani. Ndege akitiwa giza machoni hunyamaza. Huyu alinyamaza hapo hapo. Kazi ikawa miguu. Kucha zilikuwa zimezama kwenye mwerezi. Marjory aliushika mguu, akaunyoosha taratibu, kwa sababu, alivyotueleza baadaye, vidole vyao vimeumbwa kujifunga mguu ukijikunja na kulegea ukinyooka. Kucha ya kwanza ikatoka. Ya pili. Kisha mbao zikalia kwaa, na kisanduku kikaanguka kwenye sakafu ya gari, kikabingirika, kikatokeza mlangoni, kikasimama juu ya kizingiti cha mlango, pembe moja hewani.

Hilja ndiye aliyekidaka. Alikikumbatia, akatazama matundu ya kucha kwenye kifuniko, akasema kwa kunong'ona, "Ningejua hivyo ndivyo unavyosimamishwa, ningefuga tai."

Kisha akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa sababu ya ndege, akaubana mdomo kwenye mbao za kisanduku, mabega yakatetemeka. Na katikati kile kicheko kikageuka, tukamwona machozi yanashuka, mengi, bila sauti hata kidogo, kwa vile mama yule alikuwa amesema tunyamaze. Tauno alinyanyuka kutoka kwenye theluji, akaja akasimama karibu naye, si karibu sana kwa ajili ya harufu, akamshika kiwiko.

Marjory alimkagua tai kule nyuma ya gari lake la mizigo. Akamnyoosha mabawa, akayapapasa mifupa. Akamtazama macho. Akamtoa tone la damu, akalitia kwenye kimashine kidogo, tukangoja tena. Akatueleza kwamba tai wengi hula matumbo ya wanyama waliopigwa risasi, risasi ile inawatia sumu, nao huonekana vile vile, wamelegea na hawawezi kuruka, na hakuna mtu anayeweza kujua kwa macho. Kimashine kikatoa jibu. Akavua glavu.

"Hana kitu," akasema.

"Hana kitu namna gani?" Hilja akauliza. "Alikuwa anaanguka!"

"Alikuwa ameshiba. Alikula mpaka hawezi kujiinua. Hufanya hivyo, wakipata mzoga mzima hawajui kuacha. Ungemwacha, angekaa pale chini akasaga chakula chake, akaondoka zake. Nyinyi mmemteka mtu aliyekuwa amepumzika baada ya chakula cha mchana."

Binamu mmoja wa Arvid akacheka, akanyamazishwa.

"Na sasa?" Hilja akauliza.

"Sasa shemeji yako amesaidia kumpunguzia mzigo. Anaweza kuruka. Lakini haachiwi hapa. Anarudishwa pale pale mlipomtoa. Mwenzake yuko huko, na huenda kiota kina mayai. Na ule mzoga lazima uvutwe mbali na barabara, la sivyo kesho atakuwa amegongwa naye."

Mchungaji Brandt akatazama saa yake, akasema vizuri sana, basi dada huyu aende, nasi tuingie ndani. Hilja akawa tayari anarudi kwenye gari.

"Mama Hilja, unakwenda wapi?"

"Tunakwenda kumrudisha. Mimi ndiye niliyemtoa kwao. Arvid anakuja pia."

"Lakini ibada..."

"Mchungaji, mtu huyu nimekaa naye maisha yangu yote bila kusimama mahali. Leo anasimama. Panda."

Basi tukaenda wote. Msafara wa mazishi, taa zimewashwa mchana kweupe, magari tuliyokutana nayo yakijiweka kando kwa heshima na madereva wakivua kofia, wasijue kwamba wanamvulia ndege kwenye tundu la mbwa. Tulipofika pale msituni tukaegesha foleni ndefu. Wanaume waliovaa suti zao za misiba wakamshika kulungu miguu, wakamburuta hadi ndani ya miti, wakiteleza na kulaumiana. Tauno aliongoza, kwa kuwa alisema hakuna baya zaidi linaloweza kumpata.

Pale chini aliona unyoya mmoja mrefu, mweupe, safi kabisa. Akauokota, akautia mfukoni.

"Utoe," Marjory akasema bila hata kugeuka.

"Ni unyoya tu!"

"Ni wa serikali. Ukikutwa nao unaingia jela. Utoe."

Tauno akautoa, akisema kwamba serikali ingekuja basi kuchukua na vingine vilivyomo ndani ya shati lake.

Marjory akaweka tundu chini, akaturudisha sote nyuma, akafungua. Tai akatoka akitembea. Hutembea vibaya, kama mzee anayetafuta ndara. Akatutazama, umati mzima wenye nguo nyeusi, kisha akafungua mabawa na kuondoka, chini chini kwanza, halafu juu, mpaka kwenye msonobari uliokauka ng'ambo ya barabara. Hapo akatua, akajitikisa, akainua mkia, akaachia mrija mweupe mrefu uliopiga kioo cha mbele cha gari la Mchungaji.

"Amina," Mchungaji akasema. Ilimtoka tu.

Hilja alisimama kwenye lami, kisanduku mikononi. Akakaa hapo muda, hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema viazi vitakuwa vimepoa, na tukarudi kumzika.

Ibada ilikuwa fupi, nyimbo mbili badala ya tano. Tauno aliisikiliza akiwa ndani ya joho la kwaya, akakaa benchi la peke yake. Kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa tulikula paja la nguruwe likiwa la baridi, Marjory akala kuliko watu wawili, na kabla ya kuondoka akamwita Hilja kando. Nilidhani anamkaripia tena. Kumbe anamwambia kwamba kituo hakina mtu wa kupokea simu, kwamba vijana wanaojitolea ni wapole mno, wanabembeleza watu, na wanyama wanakufa. "Nahitaji mtu asiyeogopa kumwambia mtu mzima aondoke hapo," akasema.

Hilja alianza mwezi uliofuata. Hutumia jiko lake kama ofisi, na madirisha yakiwa wazi mimi husikia kila kitu. Juni nilikuwa natia maji maua yangu, nikamsikia akihangaika na mwanamume mmoja kutoka mjini.

"Nani kakwambia kaachwa?... Peke yake kwenye majani, ndiyo. Analia? Anahangaika? Ana damu, ana nzi?... Basi hana shida, baba. Mtoto wa kulungu hulazwa hivyo hivyo. Mama yake kaenda kula, saa hizi yuko vichakani anakutazama na kukutukana... Umeshamgusa? Haidhuru. Hayo ya harufu ni uongo. Mwanamke kazaa kwa uchungu, atamkataa mwanawe kwa ajili ya harufu ya sigara zako?... Mrudishe pale pale, uende zako, usirudi kuchungulia. Kesho ukimkuta hapo hapo analia, nipigie... Maziwa? Maziwa ya nini? Ukimpa maziwa ya ng'ombe atahara mpaka afe, nami nitakuja hapo kwako mwenyewe... Haya. Sasa hivi yuko wapi, huyo mtoto?"

Akasikiliza. Akasikiliza kwa muda.

"Kitandani," Hilja akasema. "Na mkeo. Haya, mpe simu mkeo."